Kabla ya Kununua Pistoni Nyingine: Nilivyotafuta Ugonjwa wa Injini ya Jet Ski Kuukuu

Aliyeniuzia jet ski hii, yaani pikipiki ya majini, aliniambia jambo moja kwa furaha, akidhani linaongeza thamani ya chombo: kwamba pistoni ya silinda ya nyuma ni mpya, imefungwa miezi michache tu iliyopita. Nilimuuliza kwa nini ile ya awali ilibadilishwa, akasema iliungua. Nilipomuuliza iliunguzwa na nini, hakuwa na jibu, wala fundi aliyeifunga hakuwa amemweleza. Nilikinunua chombo hata hivyo, kwa sababu bodi yake ilikuwa nzima na shafti ya pampu inayosukuma maji nyuma haikuwa na mchezo, lakini swali lile nililibeba pamoja nacho, na makala hii yote ni habari ya swali hilo.

Ni chombo cha miaka ya 1990, chenye injini ya mipigo miwili, silinda mbili, kabureta mbili (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa), na pampu ndogo inayovuta oili kutoka tangi lake na kuiingiza kwenye injini. Juu ya trela kiliwaka mara tu nilipobonyeza kitufe. Kilinguruma vizuri, kikapokea mafuta bila kusita, na mtu yeyote aliyekisikia angeapa kwamba hakina kasoro. Majini kilikuwa chombo kingine kabisa. Kiliondoka vizuri, kikafika kama nusu ya kasi yake, na nilipobana mkono wa mafuta hadi mwisho injini ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu kama mtu aliyezibwa pua, na nilipozidi kubana ikataka kuzima. Nikilegeza, inarudi kunguruma kana kwamba hapakuwa na lolote. Nilijaribu mara mbili, sikujaribu mara ya tatu. Nilirudi nchi kavu taratibu, na sababu iliyonirudisha ndiyo jambo ambalo ningependa kila mwenye chombo cha aina hii alielewe kabla hajashika spana.

Katika injini ya mipigo miwili, hewa, petroli na oili hupita kwanza kwenye kasha la krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), chini ya pistoni, kabla ya kusukumwa juu kwenye chumba cha kuwakia. Safari hiyo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huleta kitu cha kuwaka, hupaka oili kwenye beringi na kuta za silinda, na huipoza pistoni kutokea chini. Petroli ikipungua huku hewa ikibaki ileile, mchanganyiko huwa mwepesi, joto la kuwaka hupanda, na ule ubaridi unaoletwa na petroli inapogeuka mvuke hukosekana. Pistoni ni ya aluminiamu, ambayo kwa joto lilelile hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili ni sehemu ndogo tu ya milimita. Nafasi hiyo ikiisha, pistoni hugusa ukuta, aluminiamu hulainika na kujipaka kwenye silinda, ringi hukwama ndani ya mifereji yake, na injini hushika. Haya yote hayahitaji muda mrefu. Sekunde chache za kubana mafuta hadi mwisho zinatosha.

Juu ya trela hakuna mzigo. Impela, yaani ile rafadha iliyo ndani ya pampu, inazunguka hewani, kwa hiyo injini inahitaji petroli kidogo mno, na hata njia iliyoziba nusu inaweza kuileta. Majini impela inasukuma maji mazito, injini inadai petroli nyingi mara moja, na njia ile iliyoonekana inatosha inashindwa. Ndiyo maana maneno "inanguruma vizuri sana nyumbani" ni ushahidi mdogo mno juu ya afya ya jet ski, na ndiyo maana injini inayokohoa mafuta yakifunguliwa yote haifai kulazimishwa ili mtu aone kama itajisafisha yenyewe. Kule kukohoa kunaweza kuwa ni pistoni inayoomba kuachwa.

Kabla ya kipimo chochote kinachohusu cheche, kuna jambo la uhai. Tumbo la jet ski ni kasha lililofungwa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na ukivuja hutuama chini kabisa, karibu na betri na stata. Kila ninapoanza kazi huvua kiti, huacha tumbo wazi kwa dakika kadhaa, kisha huinamisha uso na kunusa. Nikisikia harufu ya petroli, siwashi, sichomeki chaja, sijaribu plagi za cheche, hadi nimejua harufu inatoka wapi na imekwisha. Jambo la pili ni la maji ya kupozea. Kwa chombo kama changu, ukiunganisha mpira wa maji nchi kavu, unawasha injini kwanza ndipo unafungua maji, na mwishoni unafunga maji kwanza ndipo unazima injini. Ukigeuza mpangilio huo, maji hujaa kwenye ekzosi bila kuwa na moshi wa kuyasukuma nje, na yanaweza kurudi nyuma hadi ndani ya silinda. Bila maji kabisa, injini haipaswi kuwaka zaidi ya sekunde chache. Nilizojiwekea mimi ni 15.

Nilianza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na ningemshauri mtu yeyote aanzie hapo hata kama ana hakika kwamba tatizo liko kwenye kabureta. Kipimo hiki huchukua muda mfupi, hakihitaji kufungua injini, na ndicho kinachoamua kama kazi nyingine zote zina maana. Betri inachajiwa hadi ijae, plagi zote mbili zinatolewa, waya za plagi zinaunganishwa na chuma cha injini ili umeme wake upate pa kwenda usije ukaunguza kisanduku cha kielektroniki, mkono wa mafuta unashikiliwa wazi hadi mwisho ili hewa iingie kwa ukamilifu, kisha stata inazungushwa hadi sindano ya geji iache kupanda. Wengi husahau kufungua mafuta, wakapata namba ndogo, wakaanza kulilia injini ambayo haina neno. Namba yenyewe hutofautiana kati ya injini na injini, na geji mbili hazisomi sawasawa, kwa hiyo ninachokitazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10, kuna jambo la kufuatilia.

Silinda ya mbele, yenye pistoni ya zamani, ilisoma PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 150. Silinda ya nyuma, yenye pistoni iliyosifiwa, ilisoma 128. Nilirudia kipimo mara tatu, nikabadilisha mahali pa kuanzia, namba zikabaki pale pale.

Nilikaa kimya kidogo mbele ya geji ile. Pistoni mpya ndiyo iliyokuwa dhaifu. Niliinua kiwambo cha ekzosi ili niione pistoni kupitia tundu la kutolea moshi, nikaizungusha injini kwa mkono huku nikimulika tochi. Upande ule wa ekzosi, pistoni ilikuwa na michirizi ya wima, myembamba, inayong'aa kama bati lililokwaruzwa kwa msumari, na ringi ya juu ilikuwa imefunikwa na aluminiamu iliyojipaka kwenye sehemu ya upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mahali michirizi inapokaa pana maneno yake. Ikiwa upande wa ekzosi, ambako ndiko kwenye joto kali kuliko kote, mara nyingi inashtaki mchanganyiko mwepesi au joto lililozidi. Ikiwa kwenye sehemu nne zilizopangana kuizunguka pistoni, inaelekea injini ilibanwa mafuta mengi kabla haijapata moto, pistoni ikatanuka wakati silinda bado ni ya baridi. Ikiwa upande wa kuingizia mchanganyiko, ningeshuku mchanga au upungufu wa oili. Ya kwangu ilikuwa ikieleza jambo lilelile ambalo bila shaka pistoni iliyoitangulia ililieleza, na hakuna aliyeisikiliza.

Hapa ndipo nilipo na msimamo mkali. Kufunga pistoni mpya bila kujua kilichoua ile ya zamani si matengenezo. Ni kuandaa kifo kingine, safari hii kwa gharama ya anayeamini kwamba injini imeshapona. Fundi anayekurudishia chombo akisema "nimebadilisha pistoni" anapaswa kuulizwa hapohapo alichokikuta kwenye mafuta, kwenye hewa na kwenye maji, na kama hakufungua kabureta, kazi haijaisha.

Cheche niliipitia haraka kwa sababu dalili zangu hazikuielekea. Injini iliyopoteza cheche hukatika ghafla kama taa iliyozimwa, wakati ya kwangu ilikuwa ikidhoofika polepole na kurudi nilipolegeza. Hata hivyo nilipima. Betri iliyojaa na kupumzika ilisoma volti 12.6, na wakati wa kuzungusha stata haikushuka chini ya 10. Niligusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na matundu ya silinda ambako mvuke wa petroli unatoka, na zote mbili zikatoa cheche ya bluu yenye mlio. Nilifungua viungio vya waya, nikakuta kutu ya kijani kwenye kile cha waya hasi wa betri, nikakisafisha hadi chuma kikang'aa na kukipaka grisi. Kwa mwenye injini inayowaka vizuri ikiwa baridi, kisha ikapoteza cheche ikipata moto na kuirudisha ikipoa, ningemwambia aangalie koili zilizo chini ya gurudumu la sumaku, kwa maana waya zake ndani hufunguka zinapotanuka. Na plagi ziwe zile zilizotajwa na mtengenezaji wa injini. Kwa plagi za NGK, herufi R katika namba yake huonyesha kwamba ina rezista ndani, na kuweka isiyo nayo mahali panapoihitaji kunaweza kusumbua vifaa vya kielektroniki kwa namna ambayo itakuchosha kuitafuta.

Plagi zenyewe, lakini, zilinipa habari kubwa kuliko cheche zake. Ya mbele ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye kauri yake, rangi nzuri. Ya nyuma ilikuwa nyeupe kama chaki, kavu, na ukingoni mwa kauri palikuwa na vitone vidogo vya aluminiamu vinavyometa. Vile vitone ni pistoni. Injini ilikuwa inaiyeyusha pistoni yake kidogo kidogo na kuibandika kwenye plagi, na kama ningejaribu ile mara ya tatu majini, nina hakika ningerudi nikivutwa kwa kamba.

Basi ikabaki njia ya petroli, na hapo ndipo kwenye utajiri wa kazi hii, kwa sababu njia hiyo ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Nilianzia tangini. Tangi la jet ski lina kidude cha kupumulia kinachoruhusu hewa iingie petroli inapopungua na kuzuia petroli isimwagike chombo kinapopinduka. Kikikwama, tangi hujinyonya hadi petroli inakataa kutoka, na injini huishiwa nguvu baada ya dakika kadhaa za mwendo. Kipimo chake ni rahisi: dalili ikitokea, simamisha chombo, legeza kifuniko cha tangi; ukisikia mvumo wa hewa ikiingia na nguvu ikarudi, umempata mwizi. Changu kilikuwa kinapumua vizuri. Nikafuata swichi ya kuchagulia petroli, ile yenye alama ya kufunga, kufungua na akiba. Nilipoitoa na kupuliza ndani yake kwa mdomo, hewa ilipita kwa shida, na kidole changu kilipotoka kwenye tundu lake kilikuwa na utelezi wa kijani.

Utelezi ule una historia yake. Jet ski nyingi za miaka ya 1990 zilifungwa mipira ya petroli ya rangi ya kijivu ambayo kwa umri huoza kutokea ndani. Kwa nje mpira unaonekana mzima, unapinda bila kupasuka, lakini ukuta wake wa ndani huachia ute wa kijani unaosafiri na petroli na kutua mahali pembamba kuliko kote. Mahali hapo ni kichujio kilicho ndani ya kabureta. Ukiwa na chombo cha miaka hiyo na ukafunua kiti ukaiona mipira ya kijivu bado imefungwa, sioni haja ya kupima kwanza. Inapaswa kutoka yote, ikafungwa ya petroli, iwe myeusi au ya rangi yoyote, mradi imetengenezwa kwa ajili ya petroli ya siku hizi, ambayo mara nyingi ina ethanoli. Ethanoli hiyohiyo huvuta unyevu, na petroli iliyokaa tangini miezi mingi inaweza kutengana, maji na ethanoli vikashuka chini pale pale mpira wa kuvutia unapoanzia. Nilimwaga tangi lote, nikaweka petroli hiyo kwenye chupa ya kioo ili niitazame, na baada ya saa moja mstari mwembamba wa maji ulionekana chini.

Kabureta za aina hii hazina boya kama za pikipiki. Zina utando wa mpira unaohisi mvuto wa injini na kufungua sindano inayoruhusu petroli, na pampu ya petroli ni utando mwingine unaopigapiga kwa nguvu ya msukumo unaotoka kwenye kasha la krankshafti kupitia mpira mwembamba. Maana yake ni kwamba ufa mdogo kwenye mpira ule wa msukumo hudhoofisha pampu na papo hapo huingiza hewa isiyotakiwa kwenye injini, makosa mawili kwa tundu moja. Kwenye injini yenye kabureta mbili, pampu huweza kuwa kwenye kabureta moja tu na kulisha zote mbili, kwa hiyo upungufu hauzipati silinda kwa usawa. Nilipoliona hilo nilielewa kwa nini silinda ya mbele ilikuwa na afya huku ya nyuma ikiteketea.

Niliifungua kabureta ya nyuma juu ya kitambaa cheupe, ili kisipotee kitu. Chini ya kifuniko chake kuna kichujio cha wavu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wavu huo unapaswa kupitisha mwanga kama chandarua. Huu ulikuwa umefunikwa na ute wa kijani uliokauka pembezoni na kulowa katikati, umebakiza dirisha dogo la kupitishia petroli upande mmoja, lisilozidi punje ya mtama. Nililitazama dirisha lile kwa muda mrefu. Silinda yote ya nyuma ilikuwa inanywa kupitia hapo. Kwa mwendo wa taratibu, punje ya mtama ilitosha. Kwa mafuta yaliyofunguliwa yote, haikutosha hata robo. Na pistoni mbili zilikuwa zimekwenda, kwa sababu ya wavu ambao ungesafishwa kwa dakika tano.

Usafi wa kabureta haufai kuharakishwa. Nilinyunyiza dawa ya kusafishia kwenye kila tundu na kuhakikisha kwa macho kwamba inatokea upande wa pili, kisha nikapuliza kwa hewa ya kompresa. Sikuingiza waya kwenye jeti, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, kwa sababu tundu la jeti limepimwa kwa usahihi mkubwa na mkwaruzo mmoja huliharibu. Tando zote nilibadilisha, maana mpira uliokakamaa hauhisi mvuto mdogo, pamoja na sindano na kiti chake, kisha nikapima kwa pampu ndogo yenye geji shinikizo linaloifungua sindano, nikalinganisha na kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo. Kabureta ya mbele niliifungua vilevile, ingawa silinda yake ilikuwa nzima. Wavu wake ulikuwa umeziba karibu theluthi. Kwenye mpira wa kurudishia petroli tangini kuna kizuizi chenye tundu dogo, na anayebadilisha mipira asiyekijua anaweza kukitupa pamoja na mpira wa zamani. Bila hicho, petroli hurudi tangini kwa wingi, shinikizo linashuka, na mchanganyiko unakuwa mwepesi tena.

Skrubu za kurekebishia nilizihesabu mizunguko kabla ya kuzitoa, nikaandika. Ile ya mafuta mengi kwenye kabureta ya nyuma ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mzunguko mzima kuliko kipimo cha kitabu. Hilo liliniuma. Mtu fulani kabla yangu alisikia injini ikikosa petroli, na badala ya kutafuta mahali ilipoziba, akafungua skrubu ili kidogo kinachofika kipite kwa urahisi zaidi. Skrubu ni ya kurekebisha injini isiyo na kasoro, haitibu iliyoziba. Nilizirudisha zote mbili kwenye kipimo cha kitabu na kuanzia hapo.

Nilikuwa tayari nimempata mhalifu, lakini sikutaka kurudia kosa la kufunga kazi mapema. Mchanganyiko unaweza kuwa mwepesi hata petroli ikiwa kamili, ikiwa hewa inaingia pasipo njia: gasketi iliyorudishwa ikiwa imechoka, sili ya krankshafti iliyopasuka, kiungio kilicholegea chini ya kabureta. Dalili inayojulikana ni injini kubaki na mzunguko wa juu kwa sekunde kadhaa baada ya kuachia mkono wa mafuta. Wapo wanaonyunyiza petroli au dawa ya kuwashia kwenye viungio huku injini inawaka ili wasikie ikibadilika. Ndani ya tumbo lililofungwa la jet ski hilo silikubali hata kidogo. Nilizifunga njia za kuingizia na kutolea kwa vibati na mpira, nikaingiza hewa hadi PSI 7, nikapaka maji ya sabuni kila mahali na kusubiri. Sindano ya geji haikusogea kwa dakika tano. Sili zilikuwa nzima.

Maji ya kupozea nayo nilihakikisha yanapita, kwa kuiondoa mipira na kupuliza mmoja baada ya mwingine. Mchanga na majani hupenda kukaa kwenye viungio vyembamba. Pampu ya oili niliikagua alama zake zimelingana mkono wa mafuta ukiwa umeachiwa, nikatoa hewa kwenye mipira yake hadi mapovu yakaisha. Kwa aliyezamisha chombo chake, ushauri ni mmoja: asibonyeze kitufe cha stata, kwa sababu maji hayagandamiziki na konrodi, fito inayounganisha pistoni na krankshafti, itapinda kabla yake. Plagi zitoke kwanza, maji yasukumwe nje, oili iingie, na injini iwashwe siku hiyohiyo, hasa kama ni maji ya chumvi. Na kama injini inapanda mzunguko hadi juu kabisa bila chombo kuongeza mwendo, hilo halihusu kabureta. Tazama impela na pete inayoizunguka, nafasi kati yake ikiwa imelika maji hugeuka mapovu.

Silinda ya nyuma ilichongwa hadi saizi iliyofuata na kufungwa pistoni yake, ringi mpya na gasketi mpya zote, hakuna iliyorudishwa. Tangi la kwanza nililiongezea oili kwenye petroli juu ya ile inayoletwa na pampu, nikaiacha injini ipate moto kila mara kabla ya kuiondoa, na sikubana mafuta hadi mwisho kwa zaidi ya nukta chache, nikipandisha na kushusha mwendo ili ringi zikae. Tangi la pili ndilo lililojibu swali. Maji yalikuwa tulivu, nilibana mkono wa mafuta polepole hadi ukafika mwisho, na injini ikapanda bila kusita, sauti moja iliyonyooka, chombo kikainuka juu ya maji. Baada ya muda mfupi wa mwendo huo nilivuta kamba ya usalama na kuizima palepale bila kulegeza kwanza, ili plagi zibaki na rangi ya mwendo ule. Nilizifungua nikiwa bado juu ya maji, chombo kikiyumba taratibu. Zote mbili zilikuwa kahawia, ya nyuma ikiwa nyeusi zaidi kidogo. Nchi kavu geji ilisoma 150 mbele na 154 nyuma.

Baada ya saa kumi za mwendo nilifungua tena kichujio cha kabureta ya nyuma, si kwa kuwa kulikuwa na dalili, bali kwa kuwa sikuamini kwamba ute wa miaka mingi ungeondoka kwa siku moja. Kwenye wavu palikuwa na punje tatu za kijani. Nilivua kiti, nikatoa betri, nikaifuata mipira kwa vidole kutoka tangini kuelekea kwenye swichi, na nyuma ya tangi la oili, mahali ambapo jicho halifiki, nikakutana na kipande cha mpira wa kijivu chenye urefu wa kiganja, bado kimefungwa kwa klipu zake za zamani. Nilikikata kwa urefu wake kwa kisu. Ndani kilikuwa kijani chote. Kipande kipya kilikuwa kimefungwa kabla ya jua kuzama.